Makofi Yaliyoangusha Mivule

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chai inanipoa kikombeni kwa hasira. Usicheke. Umeingia hapa kwa bibi yako na kofia mpya kichwani na soda mkononi, unaniambia mlikuwa na mkutano kule ufukweni na wageni kutoka mjini, kwamba mlielezwa mambo ya maendeleo na mkutano ukaenda vizuri sana. Nimekuuliza mmekubaliana nini. Umesema hujui sawasawa, ila mlipiga makofi. Yawa! Hebu kaa chini. Hiyo soda weka kando. Leo utanisikiliza mpaka nimalize, na kama ugali utachelewa, acha uchelewe.

Katika miaka ile ya themanini nilikuwa nimeolewa karibuni na babu yako, tukikaa katika boma la mama yake. Jina lake Mama Dorsila. Wewe hukumkuta, na ni hasara yako. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi kutoka katikati ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwapeleka sokoni, huku kwetu na wakati mwingine hadi Asembo Bay. Mimi mkwe wake nilimwogopa mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili nikaanza kumpenda, na sikuwahi kumwambia.

Mbele ya lango lake palikuwa na mivule. Mivule yenyewe, mwanangu, siyo hivi vijiti mnavyopanda siku ya sherehe mkapigwa picha, halafu mbuzi wanakula. Watu wazima wakishikana mikono walihangaika kuizunguka. Mume wake aliikuta pale, na baba wa mume wake aliikuta. Wanawake tulichambulia dagaa wa omena kwenye kivuli chake, mafundi wa mitumbwi walifanyia kazi pale, na watu wakirudi ziwani jioni waliiangalia ili wajue wamefika nyumbani.

Sasa, watu wa misitu walikuja wakaizungushia rangi nyeupe kwenye mashina. Wakatuambia miti hii ya kiasili ni mali ya taifa, inalindwa na sheria, na hakuna ruhusa ya kukata bila kibali. Mtu akauliza, hata tawi? Wakasema hata tawi. Wakapanda gari lao wakaenda.

Msimu mmoja upepo wa ziwani ukang'oa upande mmoja wa paa la Mama Dorsila. Mvua ilikuwa inakuja na boriti ilikuwa imevunjika. Mjane afanye nini? Alichukua panga, akapanda mwenyewe, akakata tawi moja la chini, akaanza kulichonga. Hakumaliza kulichonga. Sijui nani alikimbia kusema, na nisingependa kujua, kwa maana huenda ni mtu niliyemzika na kumlilia. Gari la misitu lilikuja, wakamweka nyuma ya pikapu pamoja na tawi lake, eti ndilo ushahidi. Mama wa watu, ameketi kwenye bati la moto akishikilia tawi lisimwangukie, wanampitisha sokoni kila mtu anaona. Alilala selo ya polisi, kwenye sakafu ya simiti. Tuliuza mbuzi ndipo akatoka.

Mimi nilitarajia arudi akitukana. Babu yako ndiye aliyetukana, alisema miti ni ya baba yake na hao watu wa misitu hawakuwepo. Mama akamkata kauli.

"Wacha. Sheria ni sheria. Kama inanikataza mimi, basi inamkataza kila mtu. Hiyo si mbaya."

Hayo maneno, mwanangu, ndiyo yanayonichoma mpaka leo. Aliyaamini. Tangu siku ile yule mama aliilinda ile mivule kuliko hao watu wa misitu wenyewe, ambao walipita mara moja kwa msimu. Fundi wa mtumbwi akija kumbembeleza auziwe mmoja, anafukuzwa. Watoto wakichuna gome, wanafukuzwa. Kuna mzee mmoja alikuja na barua ya kanisa, eti wanahitaji mbao za madhabahu. Mama akamwuliza kama madhabahu yatamtembelea selo. Mzee wa watu aliondoka akisonya.

Ikafika miaka ya tisini. Chifu akaitisha baraza. Akaja na diwani, na ofisa wa mipango kutoka Kisumu, kijana mtanashati wa kutoka mbali, mwenye ramani kubwa ambayo watu wawili waliikunjua na kuishika. Ofisa alieleza kwamba sehemu yetu ya ufuko imepangwa kuwa senta ya kisasa. Barabara itapita, soko litajengwa, ghala la samaki lenye barafu litakuja, na stima ya kuwasha taa pia. Alionyesha kwa kijiti: hapa hivi, hapa vile. Sisi wa nyuma tuliona kijiti tu. Wazee wa mbele waliona mistari ya rangi, nayo ilikuwa mizuri.

Alipomaliza, chifu akainuka. "Wananchi, mgeni wetu mpigieni makofi ya kilo!"

Wewe unayajua hayo makofi, yale ya kupigwa kwa pamoja kama gwaride, mpaka la mwisho linalotua kwa kishindo kimoja. Yalipigwa. Babu yako alipiga. Wazee wa ukoo walipiga. Yule mzee wa barua ya kanisa alipiga mpaka nikahofia viganja vyake. Mimi nilikuwa nimembeba shangazi yako, ambaye siku hiyo alilia kutwa nzima, kwa hiyo mikono yangu haikuwa wazi. Sijisifu.

Tulirudi nyumbani tukamkuta Mama Dorsila kwenye tanuri lake la moshi, macho mekundu, anageuza samaki. Hakuja barazani kwa sababu samaki hawangoji chifu. Akauliza habari. Babu yako akamwambia habari zote nzuri, soko, barabara, barafu.

"Wamewauliza nini?"

"Hawakutuuliza, Mama. Walituambia."

"Barabara inapita wapi?"

Babu yako akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama ziwa.

"Kwa hiyo hamjui inapita wapi. Na mmejibu nini?"

"Hatukujibu kitu. Tulipiga makofi tu. Mgeni akishaongea si unampigia makofi, Mama? Ni heshima."

Mama Dorsila aliweka chini kile kijiti chake cha kugeuzia samaki. Mwanangu, nimewahi kusikia watu wakigombezwa, lakini siyo vile. Alisema, "Heshima? Nyinyi wanaume wazima na ndevu zenu, mtu amekuja kwenu, amechora mstari juu ya ardhi yenu, hamjui mstari umepita juu ya nini, na mmemshangilia! Mtu akija kuomba binti yangu nitauliza ni wa nani, anakaa wapi, ana nini. Nyinyi mmetoa kijiji kizima kwa kijiti! Mngekaa kimya. Mngekohoa hata. Mnapiga makofi kama watoto wa nasari waliogawiwa peremende." Babu yako akasema, kwa upole, kwamba Mama anakuza jambo dogo. Akafukuzwa jikoni, yeye na kaka yake, na usiku ule hawakuonja samaki.

Nilidhani kweli anakuza. Sote tulidhani hivyo. Watu wetu ndivyo walivyo: mgeni akisema uongo mbele yako unameza mate, ukimbishia umemwaibisha, na ukimwaibisha umejiaibisha wewe mwenyeji. Basi tunapiga makofi, halafu tunaenda kusema tunayoyafikiria nyumbani, kwa wake zetu, ambao hawana ramani. Na wale watu wa ofisi, wengi wao ni watoto wa huku huku. Wanaijua tabia hiyo vizuri kuliko tunavyoijua sisi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tukasikia msumeno wa injini. Nilitoka mbio. Lori lilikuwa limesimama mbele ya lango la Mama, na vijana nisiowajua walikuwa wameshaanza kwenye mvule wa kwanza. Mama Dorsila alikuwa katikati yao na leso yake imeanguka, anawaonyesha ile rangi nyeupe. Anapiga shina kwa kiganja. "Hamwoni? Hamwoni alama ya serikali? Mtafungwa nyinyi! Mimi nilifungwa!" Alikuwa anawahurumia, mwanangu. Alidhani hawajui.

Msimamizi wao akamwambia atulie, kibali kipo. Mama akasema hakuna mtu wa kutoa kibali cha kuangusha mivule yote hiyo. Yule mtu akasema kilitolewa kihalali kabisa, miti iko kwenye njia ya barabara ya senta, na wananchi wenyewe walikubali barazani. "Muulize mtu yeyote. Waliambiwa, wakapiga makofi."

Ala! Unataka kujua hasira ni nini? Hasira ni kumwona mama wa umri ule ananyamaza. Aligeuka akatutazama sisi tuliosimama pale, wote, wazee kwa wanawake. Babu yako aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka mti ulipoanguka, na ulipoanguka vyungu vilivunjika ndani ya nyumba. Walikata wote. Siku nzima walikata. Waliikata magogo, wakapakia, na lori likaondoka kuelekea Mamboleo, kule Kisumu, na kesho yake lori jingine likaja. Mtu amelala selo kwa tawi la boriti, halafu watu wanaondoka na msitu mzima mchana kweupe huku askari wa utawala wanawasaidia kufunga kamba! Na barabara yenyewe? Nenda uitafute. Mpaka leo unapita pale kwa miguu, na mvua ikinyesha unavua viatu. Lakini mbao za mvule kuna mtu alizila, na mtu huyo alisahau njia ya kwetu tangu uchaguzi uliofuata.

Ungedhani yameishia hapo. Wapi! Baada ya mivule wakaja kusimika mawe ya alama, na jiwe moja wakalisimika ndani ya lango la Mama Dorsila, hatua chache kutoka mlango wake. Naibu chifu akaja kumweleza kwamba nyumba yake iko mahali pa soko. Nyumba za udongo haziruhusiwi ndani ya senta. Atahama.

"Nihamie wapi?"

"Si una mtoto wa kiume mwenye boma lake kule juu, Mama? Utakaa kwake."

Hapa nitasimama kidogo, kwa maana wewe umesomea mjini na huenda hulijui hili. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe. Haiwezekani, ni mwiko, hata awe mgonjwa, hata nyumba iwe na vyumba kama hoteli. Na boma jipya hufunguliwa na mwanamume, anatoka alfajiri na shoka lake na jogoo, yeye na mke wake na mtoto wao wa kwanza wa kiume. Mjane hafungui boma. Boma alilofunguliwa na mumewe ndilo lake, anaishi hapo, na akifa anazikwa hapo, kando ya nyumba yake. Ukimtoa Mama Dorsila pale, humhamishi. Unamtupa nje ya dunia. Hana pa kulala akiwa hai na hana pa kulazwa akifa. Na huyo naibu chifu alizaliwa ng'ambo ya mto tu! Mama yake mwenyewe alikuwa mjane! Alijua anachosema, na alisema huku anachezea funguo zake.

Mama alikonda. Aliacha kwenda sokoni, akiogopa kwamba akitoka watabomoa nyuma yake. Alikuwa anakaa mlangoni analitazama lile jiwe. Siku moja aliniita, akaniambia, "Mimi kufa siogopi. Naogopa kuzungushwa na maiti yangu kama gunia lisilo na mwenyewe." Mimi sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Basi baraza la pili likaitishwa, ili ofisa atoe tarehe ya watu kuhama. Safari hii tulijiandaa sisi wanawake wa tanuri, tuliokausha samaki pamoja na Mama. Hatukuwa na wakili, hatukuwa na mtu wa kututetea, tulikuwa na midomo na tulikuwa na waume. Kila mmoja alikwenda kwake akasema neno lake. Mimi nilimwambia babu yako, "Ukipiga kofi moja kesho, hata la kuua mbu, chakula utapikiwa na chifu." Alijua simtanii.

Tukaenda. Mama Dorsila alikaa chini mbele kabisa, miguu ameinyoosha. Ofisa alikuwa yule yule kijana, ramani ile ile. Akaeleza, akataja tarehe, akashukuru kwa ushirikiano wetu. Chifu akainuka. "Makofi ya kilo!"

Kimya.

Chifu akadhani hatukusikia. "Wananchi! Makofi ya kilo kwa mgeni wetu!" Kimya, mwanangu. Watu wote pale, mikono mapajani. Yule mzee wa barua ya kanisa, mazoea ni kitu kibaya, aliinua viganja, na mke wake akavishika vyote viwili akavikandamiza kwenye sketi yake hadharani. Hakuna aliyecheka. Ofisa alitutazama, akamtazama chifu. Nadhani maishani mwake hakuwahi kusikia baraza likinyamaza.

Ndipo Mama Dorsila alipoinuka, polepole, goti moja halafu jingine. Akasema, "Mimi nilikata tawi nikafungwa. Nikasema sawa, sheria imenikuta. Nyinyi mmekata miti yote ya sheria hiyo hiyo na mnasema tulikubali. Hatukukubali. Hakuna aliyetuuliza. Leo uliza. Niulize mimi."

Ofisa akasita, kisha akauliza, "Mama, unakubali kuhama?"

"Sikubali. Na wewe ukiwa na mama, nikuulize pia. Nitazikwa wapi?"

Yule kijana hakuwa wa kwetu, hakuwa anajua. Alimwinamia chifu, wakanong'onezana, na chifu akalazimika kumweleza mila, mbele yetu, kwa mdomo wake mwenyewe, wakati alikuwa anaijua siku zote. Jasho lilimtoka. Wakainuka wengine, mmoja mmoja. Babu yako aliinuka. Alisema, "Nilipiga makofi mara ya kwanza kwa sababu ya adabu. Yaandikwe kwamba leo ninakataa." Ofisa aliandika. Alisema hawezi kupeleka mpango huo mbele kama wenyeji wamepinga hadharani, na kama zipo nyumba za wajane basi mstari utachorwa upya. Baada ya muda vijana wa kanso, wale wa halmashauri, walikuja wakaling'oa lile jiwe, hawakutusalimia, wakaenda.

Mama Dorsila aliishi pale miaka mingine. Tulimzika kushoto kwa mlango wake, pale pale, na mimi ndiye niliyemwosha. Hilo tulilipata. Lakini usiniambie nifurahi. Kivuli hakipo. Siku ya mazishi waombolezaji walisimama juani, mmoja akazimia. Ufuko ule sasa unaliwa na maji kila masika, na mafundi wa mitumbwi wanaagiza mbao kutoka mbali. Miti iliyolindwa kwa rangi, kwa sheria, kwa mama mmoja aliyelala selo, iliondoka kwa sababu watu wazima waliona haya kumwuliza mgeni swali. Nikifikiria hilo damu inachemka kama ni jana.

Kwa hiyo sikiliza, na usinitingishie kichwa kama unakubali huku unawaza simu yako. Kesho asubuhi utakwenda kwa chifu. Utamsalimu vizuri, adabu hainikeri, ninachokichukia ni woga unaojiita adabu. Utamwomba akuonyeshe ramani ya huo mpango, na hutaridhika na kijiti. Weka kidole chako kwenye mstari, uufuate, uulize hapa ni kwa nani, hapa kuna mti gani, nani ametoa kibali, na nani atabeba mbao. Usipoelewa, sema sijaelewa, mara ya kwanza na ya pili na ya kumi. Wakisema wananchi walikubali, waambie wewe ni mwananchi na hukuulizwa. Na kama jambo hulitaki, lisemee hapo hapo mbele ya watu, jina lako liandikwe. Hasira ya kuja kumwagia wanawake jikoni haijawahi kuzuia msumeno. Na ukiona sheria inamkamata mwenye panga na kumpigia saluti mwenye lori, usinyamaze ukidhani ni ya wengine, kwa maana jiwe la alama litakuja mpaka mlangoni kwako.

Haya. Inuka, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zako akupe kifua cha kusimama mahali watu wameinamisha vichwa. Akupe ulimi wenye swali, na mke asiyekuogopa. Uzee wako ukukute chini ya miti uliyoikuta, na wajukuu wako waikute pia. Uishi sana, mwanangu, na siku yako ikifika, uzikwe kwenu.